Kwenda Kongamano la Sayansi ya Data Ukiwa Mtumishi wa Umma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni kwa watakwimu, wachumi, maafisa TEHAMA, waratibu wa afya, walimu, wahandisi wa maji na maafisa kilimo walio Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, Rukwa na Ruvuma. Wengi wao wanaona matangazo ya makongamano haya na kudhani ni ya watu wa Dar es Salaam.

Mimi si mtu wa kompyuta. Sayansi ya data inanihusu nini?

Kama kila mwisho wa mwezi unakaa na rejesta za kliniki ukijumlisha namba za kuingiza DHIS2 (mfumo wa taarifa za afya), kama unahangaika na PlanRep (mfumo wa mipango na bajeti) msimu wa bajeti, au unafuatilia mahudhurio ya wanafunzi na mapato ya halmashauri, sayansi ya data, yaani kuchambua data kwa kompyuta ili kupata majibu, inakuhusu. Data zinazochambuliwa kwenye kumbi zile huzaliwa mikononi mwa watu kama wewe.

Chukua udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu asilimia 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, viazi, maharage, na sasa parachichi. Namba hizo zimesomwa kwenye vikao vingi. Lakini muulize mtu yeyote kata ipi hali ni mbaya zaidi, na asilimia ile haitamjibu, kwa sababu sampuli ya utafiti ilipangwa kutoa picha ya mkoa, si ya kata. Kliniki nazo zina namba za kila kata, ila zinahesabu waliofikishwa kliniki tu. Mtoto aliyebaki shambani na bibi yake hayumo. Kuunganisha vyanzo hivyo viwili ili kupata makadirio ya eneo dogo ni taaluma yenye mbinu zake na watu wanaoifanya kila siku. Watu hao utawakuta kongamanoni. Mtumishi anayetoka kwenye mkoa wa asilimia 57 ana sababu zaidi ya kukaa kwenye ukumbi ule kuliko wengi watakaokuwemo.

Makongamano yapi yanatufaa?

Kuna ya aina mbili, na ukiyachanganya utarudi umekata tamaa.

Aina ya kwanza ni ya kiserikali: kongamano la TEHAMA la kila mwaka linaloandaliwa na Tume ya TEHAMA, na kikao kazi cha Serikali Mtandao cha e-GA (Mamlaka ya Serikali Mtandao), ambacho kimezoeleka kufanyika Arusha. Huko utasikia habari za mifumo kusomana, usalama wa taarifa na miongozo. Siku ya Takwimu Afrika, tarehe 18 Novemba kila mwaka, nayo huwakutanisha watakwimu. Ni mikutano muhimu, ila usitarajie kutoka hapo umejifunza kuchambua.

Aina ya pili ni ya kitaaluma, na hapo ndipo ujuzi unapopatikana. Data Science Africa ilianzia Nyeri, Kenya, mwaka 2015, na 2017 ikaja Arusha, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela. Uzuri wake ni kwamba ina siku za mafunzo ya vitendo kabla ya mawasilisho, na mada zake ni kilimo, afya na mazingira ya Afrika. Deep Learning Indaba ilianza Johannesburg mwaka 2017, ikapita Nairobi 2019 na Kigali 2025. Hiyo ni nzito. Inawafaa zaidi watafiti na wenye msingi mzuri wa hisabati. Watu wa ardhi, mipango miji na maji wafuatilie mikutano ya programu huria za ramani. Ule wa dunia, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam Agosti 2018. Watu wa afya wana kongamano la DHIS2 linaloandaliwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kule mfumo wenyewe unakotengenezwa.

Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, mimi ningechagua lolote lenye siku za mafunzo ya vitendo, hata kama jina lake si kubwa.

Nani analipa?

Mara nyingi kikwazo ni muda kuliko fedha zenyewe. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti inaandaliwa miezi mingi kabla, na mapema mwaka wa kalenda baraza la madiwani linakuwa limeshapitisha rasimu. Ukisubiri tangazo la kongamano ndipo uombe, kifungu cha mafunzo kitakuwa kimeshagawanywa. Mwone afisa utumishi wako kati ya Oktoba na Novemba, hakikisha jina lako na aina ya mafunzo vimo kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi. Jina la kongamano linaweza kuja baadaye.

Njia ya pili ni ufadhili wa waandaaji. Makongamano mengi ya kitaaluma ya Afrika hutenga nafasi za nauli na malazi, na fomu zao huuliza kwa nini wakuchague wewe. Wengi hujibu kwa kuorodhesha vyeti. Andika kazi yako: unahudumia vituo vingapi, data gani inapita mikononi mwako, swali gani limekushinda. Mtu anayesoma maombi mia moja ya wanafunzi wa vyuo atasimama akikutana na la mtu wa lishe kutoka Makete.

Kampuni inayouzia halmashauri yako mifumo au vifaa ikijitolea kukulipia, usikubali kimyakimya. Mweleze mwajiri kwa maandishi, aamue yeye. Safari ya siku nne haina thamani ya kutiliwa shaka wakati wa zabuni.

Ukipewa masurufu, tunza kila risiti na ufanye marejesho mara tu unaporudi. Masurufu yasiyorejeshwa hukatwa kwenye mshahara, na pia hukufungia mlango wa safari inayofuata.

Dokezo la kuomba ruhusa liandikweje?

Swali hili linastahili jibu refu, maana maombi mengi hufia hapa.

Dokezo linalosema "naomba kuhudhuria ili kujiongezea ujuzi" halimpi mkurugenzi sababu ya kusaini. Yeye ana walimu wanaodai likizo, barabara iliyokatika na mkaguzi ofisini. Atakachouliza ni kimoja: "Sawa mwanangu, na halmashauri inapata nini?" Jibu hilo liwe kwenye aya ya kwanza.

Anza na tatizo la ofisi kama lilivyo. Kwa mfano: kila robo mwaka idara inatumia siku kadhaa kuunganisha taarifa za zahanati kwa kunakili kutoka faili moja hadi jingine, na makosa ya kunakili hugundulika wakati taarifa imeshapelekwa mkoani. Kisha taja kipindi ndani ya ratiba ya kongamano kinachogusa tatizo hilo. Ambatanisha ratiba na kipigie mstari. Kisha ahidi jambo linaloweza kuhesabiwa na lenye tarehe: nikirudi, ndani ya mwezi mmoja nitakuwa nimetengeneza utaratibu wa kuunganisha taarifa hizo kwa kompyuta, na nitakuwa nimewafundisha wenzangu wawili. Gharama ziwe wazi, pamoja na jina la atakayeshika kazi zako ukiwa safarini.

Lipitie kwa mkuu wa idara na afisa utumishi kabla ya kufika kwa mkurugenzi. Walio sekretarieti ya mkoa linaishia kwa Katibu Tawala. Usiruke ngazi hata kama mkurugenzi ni mtu wa kwenu. Na zungumza na mkuu wako wa idara kwanza, ana kwa ana, kabla karatasi haijamfikia. Mtu hapendi kukutana na habari yako kwenye jalada.

Kama kongamano liko nje ya nchi?

Unahitaji kibali cha kusafiri nje, na kinaombwa kupitia kwa mwajiri, si kwa kujiendea. Anza mara unapopata barua ya mwaliko, kwa sababu maombi yanapita ngazi kadhaa na hakuna ngazi inayokimbia kwa sababu ndege yako ni Jumamosi. Pasipoti nayo isisubiri mwaliko.

Ni lazima nijue Python?

La. Lakini usiende ukiwa hujawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo (maelekezo kwa kompyuta), kwa sababu utapotea saa ya kwanza ya mafunzo na aibu itakufanya usiulize.

Kama unaweza jedwali egemezi (pivot table) kwenye Excel, una mahali pa kuanzia. Chagua lugha moja tu ya kuandikia programu, R au Python. R ilitengenezwa na wanatakwimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, kwa ajili ya uchambuzi wa takwimu, hivyo mtakwimu ataizoea haraka. Python inatumika kwa mambo mengi zaidi na ndiyo inayotawala kwenye ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kutokana na data. Zote ni za bure, na hilo kwa halmashauri si jambo dogo. Ukijenga kazi ya idara juu ya programu ya leseni iliyolipiwa na mradi, siku mradi unafungwa kazi nayo inafungwa. Kwa ramani kuna programu ya QGIS, nayo bure.

Wiki nne za saa moja kila jioni zinatosha kukufikisha mahali pa kufuata mafunzo.

Nifanye mazoezi kwa data gani?

Majedwali ya Sensa ya 2022 ni mahali pazuri, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu inayatoa kwa umma. Lakini iko seti moja ambayo kila mtu wa huku anapaswa kuifungua angalau mara moja.

Tovuti ya mashindano ya data ya DrivenData ina shindano liitwalo Pump it Up. Linatumia taarifa za vituo vya maji vya Tanzania, zilizotokana na Wizara ya Maji na jukwaa la mtandaoni liitwalo Taarifa. Kuna vituo 59,400 vya kujifunzia, na kazi ni kubashiri kama kituo kinafanya kazi, kinahitaji matengenezo au kimekufa. Maelfu ya watu duniani wamejifunzia taaluma hii kwa pampu zetu. Mkoa wenye vituo vingi kuliko yote kwenye seti hiyo ni Iringa, na Mbeya haiko mbali nyuma yake.

Mgeni anayeifungua akiwa London anaona Iringa tu. Wewe utaona kwamba Njombe imo ndani ya Iringa, kwa sababu Njombe ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Utaona Songwe haipo kabisa, kwa sababu ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Anayelinganisha Iringa ya seti ile na Iringa ya leo analinganisha maeneo mawili tofauti, na programu yake haitamwambia.

Utaona pia kwamba zaidi ya vituo 20,000 vina mwaka wa ujenzi ulioandikwa sifuri, na vingi, vikiwemo vya milimani kwetu, vina urefu wa mita sifuri kutoka usawa wa bahari. Mtu aliyepanda Mbeya kutoka Chimala hahitaji kuelezwa kwamba hiyo si kweli. Sifuri ile maana yake ni kwamba haikujazwa. Kwa nini haikujazwa, na vituo vile vina nini kinachofanana, ndilo swali la kisayansi lililomo humo, na wewe uko karibu nalo kuliko mshindi wa shindano. Unajua kamati ya maji ya kijiji inavyokufa mweka hazina akihama. Unajua pampu iliyokaguliwa Aprili, mvua zikiwa bado zinanyesha, si pampu ile ile ya Oktoba.

Nenda na ujuzi huo. Usijione umeenda kupokea tu.

Naruhusiwa kwenda na data za ofisi?

Zile zilizokwisha kutangazwa kwa umma, ndiyo. Nyingine zote, hadi mwajiri aruhusu kwa maandishi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na inamhusu mtumishi wa umma kama inavyoihusu benki. Orodha ya wagonjwa, ya wanafunzi, ya wakulima wa ruzuku ya mbolea yenye namba za simu, haipaswi kuwa kwenye laptopu inayopanda basi na kulala hotelini. Iache ofisini.

Wengi wanadhani kufuta majina kunatosha. Hakutoshi. Ukionyesha ukutani mstari unaosema mwanamke, miaka 43, kijiji fulani cha Ludewa, mapacha, anatumia dawa za kufubaza virusi, kijiji kizima kinamjua hata kama jina lake halipo. Mkoa wetu wa Njombe ulikuwa na kiwango cha maambukizi ya VVU cha asilimia 12.7 kwa watu wazima kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022/23, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima lilikuwa 4.4. Nyuma ya asilimia hizo kuna majirani zetu waliotuamini. Ukihitaji mfano wa kuonyesha, tengeneza data za kubuni zenye muundo ule ule, au jumlisha hadi ngazi ya wilaya na uondoe kila kisanduku chenye watu wachache.

Ukitaka kuwasilisha mada, peleka muhtasari kwa mwajiri kabla ya kuutuma kwa waandaaji. Na usitangaze namba yako ya uchambuzi kana kwamba ni takwimu rasmi; hizo zina utaratibu wake chini ya Sheria ya Takwimu.

Kiingereza changu hakijakaa sawa. Nitaelewa?

Utaelewa zaidi ya unavyohofia, kwa sababu nusu ya mawasilisho ni chati na msimbo. Soma mihtasari kabla ya kwenda na uandike pembeni istilahi ngeni. Swali lako liandike kwenye karatasi ulisome. Wakati wa mapumziko Waswahili mtajuana haraka, na Wakenya, Wakongo na Warundi mtazungumza lugha moja.

Safari kutoka huku ni ndefu. Nijipangeje?

Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, Iringa ni kama 500. Mlima Kitonga ukiziba kwa lori lililolala, siku yako imekwisha. Safiri ili ufike siku moja kamili kabla. Kutoka Uwanja wa Songwe kuna ndege, ila asubuhi za ukungu ratiba hubadilika, kwa hiyo hata anayeruka asipange kutua asubuhi ya ufunguzi. Kwa Dodoma na Arusha, barabara ya Iringa kupitia Mtera inakuokolea mzunguko wa Morogoro.

Pakua programu zote na data zote ukiwa nyumbani. Intaneti ya ukumbini watu mia tatu wanaigombania.

Nikifika ukumbini nifanye nini?

Usijaze siku kwa kila wasilisho. Chagua yale yanayogusa swali lako, na muda mwingine kaa kwenye mabango, ambako mtafiti amesimama kando ya kazi yake na anatamani mtu amuulize. Muulize data ilikusanywaje, nani aliingiza, na mfumo wake ulishindwa wapi. Majibu ya namna hiyo hayaandikwi kwenye makala zao.

Kila jioni andika ukurasa mmoja: nimejifunza nini, nani nimekutana naye, nini nitajaribu. Ukisubiri hadi basi la kurudi, umesahau.

Cheti cha ushiriki kitanipandisha daraja?

Hapana. Kupanda kunafuata muundo wa utumishi wa kada yako na utendaji unaoonekana kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi. Ila kazi utakayoifanya baada ya kongamano unaweza kuiingiza humo kama jukumu lenye matokeo, na hilo lina uzito. Kama bodi yako ya taaluma inadai alama za mafunzo endelevu, iulize kabla ya kwenda kama inalitambua kongamano hilo.

Nikishiriki kwa mtandao itatosha?

Kwa mawasilisho, ndiyo. Kwa mafunzo ya vitendo, mara chache, hasa ukishiriki ukiwa mezani kwako huku wateja wanaingia. Omba ruhusa rasmi ya siku hizo na ukae mahali pengine, hata maktaba ya chuo.

Nimerudi. Nianzie wapi?

Anza na ile ahadi ya kwenye dokezo, na iwe ndogo. Chukua taarifa moja ya mwezi ambayo idara inaichukia, iandikie msimbo, iendeshe sambamba na njia ya zamani kwa miezi miwili ili wenzako waone namba zinalingana. Zisipolingana, tafuteni pamoja kosa liko wapi. Mara nyingi litakuwa kwenye rejesta, na kulipata hilo peke yake kumelipa nauli yako.

Mfundishe mtu wa pili mapema. Uhamisho upo, na utaratibu unaojulikana na mtu mmoja unaondoka naye siku anapopokea barua ya kwenda Sumbawanga. Andika maelekezo kwa Kiswahili, yahifadhi ofisini.

Mwonyeshe pia mhudumu wa zahanati aliyekusanya zile namba. Huyu hupeleka taarifa juu mwaka hadi mwaka na hakuna kinachorudi. Chati moja ya kituo chake, iliyochapishwa na kubandikwa ukutani kwake, itaboresha ujazaji wa rejesta kuliko barua kumi za kukumbusha.

Kwa nini tusifanye kongamano letu huku huku?

Inawezekana, na naitamani sana. Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, tawi la Chuo Kikuu Mzumbe na kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma; Uyole kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI. Iringa ina Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha na Mkwawa. Wahadhiri wanatafuta data halisi za kufundishia, na sisi tunatafuta watu wa kuzichambua.

Anzeni na siku moja, tarehe 18 Novemba, ambayo tayari ni Siku ya Takwimu Afrika na haihitaji kuelezewa kwa mkurugenzi yeyote. Ombeni chuo kitoe maabara ya kompyuta, kila halmashauri ilete watu wawili na swali moja, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakae kwenye kila meza. Data ziwe zile zilizo wazi kwa umma: sensa, vituo vya maji, bei za mazao. Chakula cha mchana kila taasisi ijilipie, ili pasiwe na mjadala wa posho. Barua ya kuomba ukumbi iandikwe kabla ya Agosti, vyuo vikiwa havijapanga ratiba ya muhula.